Filta Tatu na Maji ya Kwetu

Morogoro Mjini,
17 Septemba 2024

Dada yangu Paskalia,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba, na huyo mgeni wetu tumboni anaendelea kukusumbua kwa mateke, maana nikisikia ametulia mimi ndiyo naogopa. Mama hajambo? Kifua chake kimepona baada ya ile baridi ya Agosti? Na shemeji Joseph, na kabichi zake? Mimi ni mzima wa mwili. Nalala kidogo na nakula nikilazimishwa, lakini ni mzima.

Kabla hujaendelea kusoma, dada, nakuomba jambo moja. Kama kuna maji ya mferejini kwenye mtungi, yamwage. Usiyanywe, usiyapikie, usimpe mama. Kuyachemsha hakusaidii, na kuyachuja kwa kitambaa hakusaidii. Idrisa dereva, huyo aliyekukabidhi barua, ana madumu manane ya maji ya bomba nyuma ya gari. Hayo ndiyo yenu mpaka tutakapojua la kufanya. Najua utacheka useme tangu lini maji yakapanda mlimani kutoka mjini. Cheka, halafu umwage mtungi. Nitakueleza yote, ila nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu nikianza na mwisho nitaitupa kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, Jumapili ile ya tarehe nane. Nikasema mjini kuna homa ya matumbo, kwa hiyo mchote maji kule juu kwenye chemchemi. Wewe ukanijibu kwamba homa ya mjini ikae mjini, na kwamba mwenye tumbo la miezi saba hapandi nusu saa na ndoo kichwani kwa sababu ya umbea wa mdogo wake. Ulikuwa na haki. Nilikuwa nakudanganya, na uongo haumpandishi mtu mlima. Tena simu yenyewe ni ya Joseph, mnaisikilizia pale kwenye jiwe ambako mtandao unashika, sauti imefunguliwa yote, na kila apitaye njiani anasalimia. Jambo hili nisingeweza kulisema namna hiyo, na Joseph yuko pembeni.

Unajua kwamba tangu Januari niliacha lile duka la pembejeo za kilimo, nikaja kukaa mapokezi kwenye zahanati ya watoto ya Dokta Fatuma. Mwezi wa saba Dokta alileta tanki la samaki, la kioo, lita mia mbili, refu kama meza yangu. Alitaka liwe na mimea hai, si ile ya plastiki, na samaki wa aina mbalimbali wanaokaa pamoja bila kulana, ili watoto wanaosubiri sindano watazame na kusahau kulia. Kazi ya kulitunza akanipa mimi. Alisema mtoto wa Uluguru hawezi kushindwa na majani. Nikavimba kichwa kama kawaida yangu.

Samaki na mimea tulinunua kwa Abasi, mtu mzima mwenye mvi zake lakini bado anaongea kama kijana wa Dar, maana ndiko alikotoka. Huyo bwana ukimtajia samaki hamalizi. Siku ya kwanza tu tulibishana juu ya filta, yaani kile chombo cha kuchuja maji ya tanki. Mimi nilidhani filta ni chujio la chai, inakamata taka basi. Abasi akanishangaa. Alinieleza kwamba taka ni sehemu ndogo, kazi kubwa ni ya vijidudu wema wanaoishi ndani ya filta na kula sumu inayotoka kwenye mavi ya samaki, na kwamba bila hao samaki wanajiua wenyewe kwa choo chao. Ndiyo maana tanki lilikaa wiki tatu na mimea tu, bila samaki, tukiwasubiri vijidudu wazaliwe. Dokta alikuwa anapita na kuuliza kama samaki wetu ni wa kiroho.

Tulianza na filta ya sponji, ile rahisi inayosukumwa na pampu ya hewa. Abasi alisema haina mkondo mkali, haing'oi mimea wala haiwachoshi gapi, wale samaki wadogo wenye mikia kama khanga. Mwanzoni mwa Agosti tukaweka samaki: gapi, tetra wenye mstari wa bluu, na kamba wadogo wanaolamba ukungu kwenye majani. Dada, lilipendeza! Watoto walikuwa wanakataa kuingia kwa Dokta kwa sababu wanataka kutazama.

Sasa, kila wiki unatakiwa kutoa maji kidogo na kuweka mapya, kiasi cha madumu mawili. Abasi alinionya kwamba maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, kwa hiyo niyaache siku mbili kwenye ndoo wazi kabla sijayatia. Mimi nikamwambia hayo ni ya wasio na kwao. Nikasema sisi tuna mfereji unaotoka msituni kwenye mawe, maji ambayo hayajawahi kuona dawa tangu dunia iumbwe. Niliringa mbele ya watu. Ndipo nikampigia mama anitumie madumu mawili kila Jumatatu kwa gari la mboga la Idrisa, na mama, ninyi mnamfahamu, akafurahi kwamba mtoto wake mjini hajasahau maji ya kwao. Alikuwa anayachota mwenyewe kila Jumamosi jioni, Joseph akishatoka shambani, anayafunika na jani la mgomba yasiingie vumbi. Chupa moja nilikuwa naibakiza mezani kwangu nayanywa mimi.

Wiki ya kwanza niliyoweka maji hayo, kesho yake asubuhi kamba wote wanane walikuwa chali. Nikamwita Abasi. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema kosa ni lake, sponji moja haitoshi kwa samaki wengi namna ile. Tukaongeza filta ya pili, ya kuning'inia mgongoni mwa tanki, inayovuta maji na kuyarudisha kama maporomoko madogo. Watoto waliipenda kelele yake.

Jumatatu iliyofuata nikaweka maji ya kwetu tena. Jioni tetra sita walikuwa wameganda pembeni, wanahema juu juu, na kesho yake wakafa. Safari hii Abasi aliilaumu ile filta ya kuning'inia. Alisema inachafua uso wa maji mno, hewa ile ambayo mimea inaila inatoroka, mimea inadhoofika, majani yanaoza na kuwasumbua samaki. Na kweli majani mawili matatu yalikuwa ya njano, nikaamini. Akashauri filta ya tatu, ile ya ndoo yenye mfuniko, inayokaa chini ndani ya kabati na mipira miwili. Haina kelele, haichafui uso, na ina nafasi ya vijidudu kwa maelfu. Ubaya wake mmoja ni umeme. Ukikatika saa nyingi vijidudu wanakosa hewa humo ndani, na ukirudi filta inatapika maji yaliyooza ndani ya tanki. Akasema basi tubakize na sponji, pampu yake aitie betri, ili umeme ukienda angalau moja inafanya kazi. Dokta alikubali bila kununa. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu. Nilianza kuota samaki, naamka nimelowa jasho, nikafikiri labda ni mkono wangu, labda nina mkosi.

Tarehe 26 Agosti ilikuwa Jumatatu ya tatu. Filta ya ndoo inafanya kazi, sponji inafanya kazi, umeme upo, majani ya kijani. Hapakuwa na kitu cha kulaumu. Saa nne asubuhi nikamimina madumu mawili ya maji ya kwetu, pole pole, na watoto wamejipanga wanatazama. Haikupita nusu saa samaki wakaanza kuzunguka. Walizunguka, dada, kila mmoja peke yake, kama mtu anayetafuta mlango. Wengine walijirusha kwenye kioo. Mtoto mmoja wa miaka minne, Jesca, akaniuliza kama wanacheza ngoma. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikachukua shuka la kitanda cha wagonjwa nikalifunika tanki.

Abasi alipofika hakugusa filta yoyote. Aliuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza, maana majigambo yangu ya mfereji aliyachukulia mzaha, nalo ni kwamba nilitia maji gani. Nikamwonyesha dumu. Akalinusa, akanusa tena. Akaniambia nilete mitungi miwili ya kioo, mmoja akatia maji ya bomba yaliyolala, mwingine maji yaliyobaki kwenye dumu, na kila mmoja akaweka gapi watatu aliokuja nao. Hakuweka filta. Tukakaa tunatazama. Wale wa maji ya bomba wakaogelea. Wale wa maji ya kwetu hawakumaliza dakika kumi. Abasi akaketi sakafuni, yeye na maneno yake yote, akasema kwa sauti ndogo kwamba filta zote tatu hazikuwa na kosa, na kwamba sasa hapa si suala la samaki tena, akaniuliza maji haya huko kwetu yananywewa na nani.

Nilikuona wewe na kikombe, na mama anafunika dumu kwa jani la mgomba.

Dokta akachukua maji akayapeleka maabara, nami nikajiambia ningoje majibu kabla sijawatisha. Majibu yakaja Ijumaa, tarehe sita. Aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanisomea. Maji yana dawa ya kuulia wadudu wa mboga, tena si ya kukisia, ipo kwa wingi. Akataja jina lake. Akaniambia ni dawa ambayo haitakiwi tena kuuzwa, na akashangaa imefikaje mlimani kwenye bustani za watu maskini. Alidhani nalia kwa sababu ya samaki, au kwa sababu ya ninyi. Dada, nililia kwa sababu jina lile nililijua. Nililibandua mwenyewe kwenye chupa, kwa kucha zangu.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Unakumbuka Pasaka ya mwaka jana nilikuja na katoni, chupa ishirini na nne, nikamwambia Joseph ni zawadi kutoka kazini? Haikuwa zawadi. Bosi wa duka alikuwa amezitoa rafuni, akatuagiza tuziweke stoo ya nyuma, tusimuuzie mtu, wakisubiriwa watu wa kuja kuziteketeza. Mimi nikaona ni upotevu. Nikawaza viwavi wanavyomla Joseph kabichi, nikawaza mnavyohangaika, nikachukua katoni moja. Nilibandua lebo zote ili hata nikisimamishwa njiani isijulikane ni nini. Lebo ndizo zilizokuwa na maelezo. Joseph aliponiuliza kipimo nilikisia, nikamwambia kifuniko kimoja kwa bomba moja la kunyunyizia. Joseph ni mtu makini, unamjua mumeo. Aliniambia bwana shamba aliwafundisha kuchimba shimo mbali na maji na kuoshea bomba humo. Mimi nikamcheka. Nikamwambia shimo la nini na mfereji unapita hapo, maji yanayotembea hayashiki uchafu. Nilisema hivyo mimi, msichana wa duka la dawa, na yeye akaniamini kwa sababu nilikuwa na sare. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anaoshea bomba mferejini, juu ya pale mnapochota. Msimlaumu Joseph hata kidogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwenu nguo hiyo ni mimi.

Na bado sijamaliza. Agosti ya mwaka jana ulipoteza mimba ile ya kwanza. Mama alisema ni mapenzi ya Mungu, majirani wakasema mengine, nami nilikuja nikakushika mkono siku tatu. Nimehesabu miezi. Kutoka Pasaka hadi Agosti. Nimemuuliza Dokta Fatuma, nikijifanya namuulizia mtu mwingine, lakini yule mama si mjinga. Hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alisema mimba huharibika kwa mambo mengi na hakuna wa kuweza kujua sasa. Basi sitajua, na wewe hutajua. Ila nisingekuficha kwamba nimewaza hivyo, kwamba nawaza hivyo kila ninapofumba macho, na kwamba kwa siku kumi na moja nimejua kuna sumu kwenye kikombe chako nikakuambia ni homa ya matumbo, na Dokta nikamwambia nimeshawaonya. Niliogopa. Niliogopa gereza la Kingolwira, niliogopa uso wa Joseph, na zaidi ya vyote niliogopa wewe kuniuliza tarehe. Siku kumi na moja, dada, na wewe una mtoto tumboni. Hakuna jina la mtu wa namna hiyo.

Nilimwendea Abasi nikamwomba anichagulie filta ya kuwaletea, ile yoyote anayoiamini, nitaibeba mgongoni mpaka juu. Alifikiri sana. Akasema kuna mkaa maalumu unaoweza kupunguza dawa kwenye tanki, na kwa samaki angejaribu, lakini hawezi kuapa kwa mtu, sembuse mjamzito. Akasema dawa hiyo lazima izuiwe kule inakoingilia, na chombo cha kumsaidia mtu anayechota chini ya hapo hana. Kwa hiyo sina cha kukuletea ila ukweli na hayo madumu.

Mwambie Joseph asiguse tena chupa zilizobaki. Azifungie mahali, azihesabu, asizifukie wala asizimwage. Jumamosi nitapanda, na Dokta, ambaye jana nilimweleza yote, ameongea na watu wa kilimo watakaofuatana nami kuzichukua na kuupima mfereji. Bomba lile nalo asilioshe popote. Wewe Alhamisi shuka na Idrisa, kiti cha mbele nimekuombea. Dokta Fatuma atakupeleka mwenyewe kwa daktari wa akina mama, rafiki yake, na mama aje naye apimwe kifua.

Lipo moja zaidi. Mwanzoni niliandika barua hii iwe yako na Joseph tu, majirani tuwaambie mfereji umeingia uchafu, yaishe. Nimeandika hivyo nikaichana, kwa sababu mfereji hauishii mlangoni kwenu. Nyumba tano zinachota chini yenu, na wale wa karibu na kigango wanachota, na wale nikiwaambia uchafu watangoja siku mbili kisha watarudi na ndoo zao, kama wewe ulivyoendelea kuchota. Kwa hiyo ukishasoma, mpe mjomba Kasiani. Yeye ndiye mwenye sauti ukoo mzima na ndiye atakayejua la kufanya nami. Aisome jioni hii hii, jumuiya yote ikusanyike, aisome tangu mwanzo, na ile sehemu ya lebo na ya shimo asiiruke. Ile ya mimba ni yako, uikate kwa mkasi kama unataka. Nyingine zote ni za watu.

Nitakapopanda Jumamosi kila mtu atakuwa ameshajua, na nitapita katikati yao mpaka kwa mjomba. Nitakuwa naogopa, hata sasa naogopa, lakini nitapita. Alhamisi ukifika zahanati, kama hutaki kuniona, usijilazimishe. Mwenzangu mmoja atakaa mapokezi badala yangu, nami nitakaa chumba cha nyuma mpaka uondoke. Ukitaka kuniona, uliza tu.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake ipo pale pale, na asijilaumu kwa kuyachota, mimi ndiye niliyeyaagiza. Nisalimie shemeji Joseph ikiwa bado anapokea salamu zangu. Mjomba Kasiani shikamoo, na majirani wote mnaosikia barua hii ikisomwa, nawasalimu kwa heshima na nawaomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Nimeandika jina langu lote hapa chini, ili mjomba akimaliza kusoma asiwepo wa kuuliza ni Cecilia yupi.

Mdogo wako,

Cecilia Deogratias Banzi